Mahali pa Kumlaza Ozella

Ozella Colquitt alifariki Jumatatu asubuhi, na kufikia adhuhuri jiko lake lilikuwa limevamiwa. Ndivyo tulivyo sisi watu weusi wa Tarrow, Alabama: msiba ukitokea, masufuria hutangulia kufika kabla ya machozi. Kulikuwa na kuku wa kukaanga wa kulisha kambi ya jeshi, mboga za majani zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, mikate ya mahindi, na pai za viazi vitamu zilizopangwa mpaka juu ya jokofu. Shemasi Amzi, mume wa marehemu, mzee wa miaka themanini na ushee, alitafuta mahali pa kuweka kikombe chake cha kahawa akakosa. Akabaki nacho mkononi mpaka kahawa ikapoa, na hakuinywa.

Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mkewe azikwe ubavuni mwa mtoto wao, Rondal, na siku yake yeye ikifika alazwe upande wa pili. Hakudhani ni jambo la kumwomba mtu ruhusa. Kwake lilikuwa limekwisha kuamuliwa zamani, kama mtu anavyojua upande wake wa kitanda.

Jumanne akaja meya.

Meya Terrence Hubbard alikuwa na miaka arobaini, suti nzuri na sauti nzuri zaidi, mtu mweusi wa kwanza kukikalia kile kiti tangu Tarrow iwe Tarrow. Alizaliwa hapa, lakini mama yake alimhamishia Cleveland angali ananyonya, naye akarudi juzijuzi na shahada mbili na mke. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hadharani, tena mara nyingi, kwamba pasipo Bi. Ozella asingepewa hata ufagio wa kufagilia ile ofisi.

"Shemasi," alisema, akiwa ameketi ukingoni mwa kochi na kofia mapajani, "baraza limekaa asubuhi hii. Wote wamekubali, weusi na Wazungu. Bi. Ozella tunampa nafasi ya mbele makaburini, karibu na lango kuu, chini ya ile mierezi. Atakuwa mtu wetu wa kwanza kuzikwa upande ule wa Wazungu. Jiwe la marumaru tunalitoa sisi. Gavana anatuma mjumbe. Televisheni wanakuja."

Verdine, binti wa Shemasi, aliyeshuka jana yake kutoka Detroit anakofanya kazi ya uwakili, alijifunika uso kwa viganja. "Baba, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Shemasi. "Karibu na lango. Si ndipo alipo Jaji Whitcomb?"

Meya akakohoa kidogo. "Ndiyo, si mbali naye."

"Whitcomb aliyemfunga mke wangu siku thelathini kwa kuimba barabarani."

"Huo ndio uzuri wenyewe, Shemasi! Watu waone tulikotoka."

"Siku thelathini zilimtosha," akasema Shemasi. "Nyinyi sasa mnampa kifungo cha milele, na hakimu yuleyule."

Bi. Cleotha Sims, rafiki wa marehemu tangu wangali wanasukwa mabutu, alikuwa akiosha vyombo. Alicheka hadi sahani ikamponyoka ikatumbukia kwenye povu. Meya naye akacheka kwa adabu, akidhani mzee anatania kupunguza uchungu. Akasimama, akampa kila mtu mkono, akasema wachimbaji wataanza kazi Ijumaa. Hakusubiri jibu, kwa sababu hakujua kwamba ameuliza swali.

Shemasi alibaki palepale, akimfikiria mwanawe.

Rondal alikuwa na miaka tisa kiangazi kile cha mwaka wa hamsini na tisa. Mji ulikuwa na bwawa la kuogelea, la buluu, lenye ubao wa kurukia, na mtoto mweusi alikuwa hawezi kuligusa hata kwa kidole cha mguu. Watoto wetu walioga Kijito cha Sikes, penye matope na mashimo yasiyoonekana. Shimo moja lilimchukua Rondal mbele ya wenzake, na wanaume walimtoa jioni.

Walimzika nyuma ya seng'enge. Makaburi ya Tarrow yalikuwa na seng'enge katikati, Wazungu mbele kilimani, sisi nyuma bondeni, ambako mvua yote ya Alabama hukusanyika. Nafasi iliyobaki ilikuwa palepale kwenye waya, hivyo mtoto akalala kichwa chake kikigusana na mpaka. Hawakuwa na uwezo wa jiwe. Ozella alifanya kama wazee wetu walivyofanya siku zote: alichukua kikombe cha mwisho alichonywea Rondal maziwa, akakipasua kitako ili mnyororo wa vifo ukatike na mwingine asimfuate, akakiweka juu ya udongo. Na udongo ukakwanguliwa ukawa mtupu, bila jani hata moja. Kwetu kaburi likiota nyasi ni aibu, maana yake waliobaki wamekusahau.

Wiki ileile Ozella akaenda kusimama kwenye geti la bwawa, taulo la mwanawe begani. Hakutukana mtu, hakurusha jiwe. Alisema tu, "Nimekuja kuoga." Polisi wakamchukua. Wakamwachia, akarudi. Wakamchukua tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi, na mchana alirudi saluni kwake kunyoosha nywele kwa chanuo la moto, kwa sababu vichwa havingoji.

Ile saluni ndiyo iliyompa jeuri. Mishahara yetu yote ilitoka kwa Wazungu, ila yake ilitoka kwenye vichwa vya wanawake weusi, na hakuna Mzungu aliyeweza kumfukuza kazi. Wakamgeukia mumewe. Shemasi alikuwa fundi pale kiwanda cha mbao, na baada ya mkewe kukamatwa kwa mara nyingine alimwaga unga, hivihivi, bila barua wala kwaheri. Alirudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, akamkuta Ozella anamsubiri kwa hofu machoni. Shemasi akauliza kuna chakula gani. Hakumwambia aache, na niseme kweli, hakumwambia aendelee. Yeye aliendesha gari, alipika, alimlea Verdine, na alingoja mlangoni pa jela na koti la mkewe mkononi.

Miaka ikapita. Mahakama ikaamuru bwawa lifunguliwe kwa wote. Mji ukaleta malori ukalijaza udongo kwa alasiri moja, ili asioge yeyote. Ozella alilia siku nzima, kesho yake akaanzisha mambo ya kofia.

"Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki," Bi. Cleotha alimwambia Verdine pale jikoni, mikono ikiwa kwenye povu. "Dukani mjini hukuruhusiwa kujaribu kofia. Unaiangalia kwa mbali kama keki, unanunua, ukifika nyumbani inakukaa kama ndoo. Mama yako akasema, basi Pasaka hii hatununui. Tukaenda kanisani vichwa wazi, kanisa zima!"

"Bi. Cleotha, wewe bila kofia?"

"Mimi, mtoto! Mimi ninayelala na kofia! Nilijiona niko uchi. Mchungaji alipanda mimbarini, akatutazama, akasahau andiko lake. Lakini nywele zilikuwa zimelala vizuri siku ile, mama yako alikesha anazichoma. Malaika wangetuonea wivu." Akanyamaza, akafuta macho kwa kiwiko. "Mwenye duka alisalimu amri kabla ya Krismasi. Alituletea vioo mwenyewe."

Baada ya kofia ikaja kura, na baada ya kura ikaja shule. Kila mara akina Colquitt walipojaliwa akiba ya jiwe la Rondal, vijana fulani walikamatwa mahali fulani, na akiba ikaenda kwenye dhamana. "Rondal ataelewa," Ozella alisema. Shemasi hakuwa na uhakika kwamba yeye mwenyewe alielewa. Alimpenda mkewe kupita kiasi, na aliuonea wivu mji mzima. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha Ozella. Kipande cha Shemasi kilikuwa Jumapili mchana, wakati wawili hao waliposhuka bondeni kukwangua kaburi la mtoto wao, yeye na jembe, mkewe akiwa amepiga magoti, bila kuzungumza. Jumapili moja ya mwaka jana alisema, "Amzi, nikienda unilete hapa." Shemasi akajibu, "Sawa." Basi, hakuna mwingine aliyesikia.

"Wewe peke yako?" Verdine aliuliza jioni ile ya Jumanne, baba alipomweleza. Alisema kwa upole, lakini uwakili ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mifupa.

"Alitaka kumwambia nani mwingine, gazeti?"

"Baba, nisikilize. Kamera zinakuja. Wakimwona anashushwa kulekule nyuma ya seng'enge, kama enzi zile, watasema nini? Kwamba alihangaika maisha yote na mwisho akarudi nyuma ya waya. Mama alipigania mlango ule."

"Alipigania ufunguliwe. Hakusema anahamia."

"Kwa hiyo ashindwe?"

Shemasi alikwenda kitandani, akalala upande wake, na upande wa pili hakuugusa. Ubaya wa maneno ya Verdine ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani yake.

Jumatano akamwomba binti yake ampeleke makaburini. Alitaka kumwona Rondal, labda kumweleza. Walipita lango kuu, wakapita mierezi na Jaji Whitcomb chini ya jiwe lake refu, wakafuata njia ya changarawe mpaka kwenye seng'enge. Sheria iliyoiweka ilikuwa imekufa miaka thelathini na zaidi, lakini hakuna aliyejisumbua kuing'oa. Ilibaki pale na kutu yake kwa sababu ya uvivu tu, kama ubaya mwingi wa mji huu.

Wakapita kijigeti, na Shemasi akasimama ghafla.

Upande wetu ulikuwa safi. Hapakuwa na kikombe wala sahani, wala saa mbovu za mezani zilizosimamishwa kwenye saa ya kifo, wala chupa za buluu, wala kombe za pwani. Vyote vilikuwa vimezolewa. Juu ya udongo mtupu, ambao vizazi vya wanawake walivunjika migongo kuukwangua, palikuwa pametandikwa mikeka ya nyasi mbichi za kijani kutoka bondeni mpaka kwenye waya. Wafanyakazi wa mji walikuwa wamepita jana yake. Mawe ya wachache wenye uwezo yalibaki, lakini wengi wetu hawakuwa na jiwe kamwe. Walikuwa na vikombe.

"Baba," Verdine alisema kwa sauti ndogo. "Rondal yuko wapi?"

Mzee alianza kutembea. Alikwenda kushoto, akarudi. Alipiga hatua mbele akainua mguu haraka, akiogopa kumkanyaga jirani. Alizunguka kwenye zile nyasi nzuri akiwa na kofia mkononi, na Verdine, aliyewahi kusimama mbele ya majaji wakali bila kupepesa macho, alianza kulia kama mtoto. Alimwona baba yake anamtafuta kaka yake mara ya pili.

Mwishowe Shemasi akaacha kutazama chini. Akaifuata seng'enge taratibu, kiganja kikipita juu ya waya, mpaka mahali ambapo waya wa juu ulikuwa umelegea na kupinda kuelekea chini. Hapo ndipo Ozella alipoushika kila Jumapili ili ainuke kutoka kwenye magoti yake, uzito wake wote juu yake, tangu alipokuwa mwanamke kijana mwembamba mpaka alipokuwa bibi mzito. Shemasi akashika pale alipokuwa akishika mkewe. Akakaa chini juu ya nyasi.

"Yuko hapa," alisema. "Kaa, mwanangu. Msalimie kaka yako."

Verdine alikaa. Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akampigia meya simu. Aliyomwambia siyajui, ila meya alifika kabla injini ya gari lake haijapata moto, na nyuma yake akaja mzee Dewey Strand, Mzungu mchimba makaburi, na lori lake.

"Shemasi, niliwaambia wasafishe," meya alisema akihema. "Kulikuwa na takataka kila mahali. Vikombe vilivyovunjika, Shemasi. Nilisema wageni wasije wakaona Bi. Ozella ametoka kwenye watu wanaotupa..." Akasita. Uso wa mzee ulimkatiza.

"Bibi yako mzaa mama analala pale," Shemasi alisema, akionyesha kwa kofia. "Lovie Tate. Juu yake palikuwa na taa ya kioo cha buluu. Mama yako aliiweka siku moja kabla hajapanda basi la Cleveland na wewe mgongoni. Nilimshikia mtoto ili aiweke vizuri. Taa iko wapi, Terrence?"

Meya alitazama zile nyasi. Yule mtu wa maneno mazuri hakuwa na hata moja, na mimi, niliyekuwa nimemkasirikia, nilimhurumia niliposikia habari hii. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mama yake alitaka asahau, akasahau kweli.

"Viko kwenye magunia," Dewey alisema polepole. "Karakana ya mji. Sikuvitupa. Sikuona vizuri kuvitupa."

Mchana ule magunia yalimwagwa juu ya turubai, na wanawake wa kanisa wakateremka wote, Bi. Cleotha mbele na kofia yenye manyoya. Kelele zilisikika mpaka barabarani.

"Hicho kikombe ni cha shangazi yangu!"

"Shangazi yako? Huyo aliyekuwa anakunywa kwenye kopo la maharage?"

"Mdomo wako, Cleotha!"

"Mdomo wangu una kumbukumbu, mama, ndiyo tatizo lako."

Vingi vilirudi mahali pake. Vingine vilipata watu wawili wa kuvigombea, na vingine havikupata yeyote. Taa ya buluu ilikuwa imepasuka, na meya aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kwa bibi yake. Kikombe cha Rondal hakikuonekana kamwe.

Meya aliporudi, magoti ya suti yake yalikuwa na udongo. "Shemasi, sema unachotaka. Nafasi ya mbele bado ipo. Lakini ukitaka azikwe huku, atazikwa huku."

Shemasi alimtazama binti yake. Verdine alikuwa amekaa palepale, kiganja juu ya waya uliopinda.

"Mama anakaa hapa," Verdine alisema. "Nilikosea." Halafu akaangalia seng'enge, na sura ya mama yake ikamjia usoni kiasi kwamba Bi. Cleotha alishika kifua. "Ila sikukosea yote, Baba. Nyuma ya waya hapana."

"Nani kasema nyuma ya waya?" Shemasi aliuliza. Akamgeukia meya. "Mlitaka kumhamishia mke wangu upande wa pili. Msihangaike naye, amechoka. Hamisheni hii."

Meya akaitazama seng'enge kama mtu anayeiona mara ya kwanza, na alikuwa ameipita kila siku akienda kazini. "Shemasi, hii ni mali ya mji. Lazima baraza likae, tutangaze, tusikilize maoni ya wananchi, mwanasheria apitie..."

"Terrence. Walipoamriwa kutufungulia bwawa, walilijaza udongo kwa alasiri moja. Hapakuwa na kikao. Mji huu unajua kuharakisha ukitaka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Meya akavua koti la suti, akampa Bi. Cleotha amshikie. "Bwana Strand," alisema, "una mkasi wa waya?"

Dewey alikuwa nao kwenye lori. Akampa meya, na meya akampa Shemasi. Mzee aliupima mkononi. Akausogeza kwenye ule waya wa juu, palipopinda, na hapo mkono ukagoma. Alama pekee ya mtoto wake iliyobaki duniani ilikuwa ile. Verdine alielewa. Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya nyasi, mahali kaka yake alipolala, akasema, "Nimemshika, Baba. Kata."

Akakata. Waya uliruka ukalia, ukajikunja pembeni. Kisha wakaingia wengine, wanaume wa kanisa, vijana wa saluni, hata Wazungu wawili waliokuja kumwagilia maua ya mama yao wakaweka ndoo chini wakashika nguzo. Kabla ya jua kuzama seng'enge yote ilikuwa nyuma ya lori, na kilima na bonde vikawa uwanja mmoja. Verdine hakuinuka mpaka baba yake alipokwangua nyasi pale, akachora kaburi la mtoto kwa ncha ya jembe.

Ndipo Dewey akaja na sepetu yake. Alikuwa amechimba makaburi ya Tarrow maisha yake yote, na ulimi una mazoea yake. Alimuuliza kama alivyowauliza wafiwa wote tangu alipoanza kazi, bila ubaya wowote.

"Tunachimba upande gani, Shemasi?"

Akayasikia maneno yake mwenyewe, akatazama uwanja usio na pande tena, uso ukamwiva.

"Kushoto kwa mwanangu," Shemasi alisema. Akavaa kofia yake. "Kulia paache. Pale ni pangu."